Asiyeambiwa Kaa

Shangazi ndiye aliyepiga chaki. Aliinama na mgongo wake mbovu, akaburura mstari mweupe kutoka mguu wa cherehani hadi kwenye magunia ya sufi, akazunguka meza ya kukatia, akarudi alikoanzia. Ndani ya mstari ule ulikuwa Ufalme wa Miamba Saba. Nje yake ilikuwa karakana ya makochi, Jumapili mchana, na harufu ya gundi.

"Leo unammaliza?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Leo," alijibu Sindano.

"Usije ukaniangusha. Nilikuona Jumapili iliyopita unavyomtazama."

"Nilikuwa namtazama kama mtu anavyotazama msumari kabla ya kuugonga."

Shangazi akacheka mpaka chaki ikamkatikia mkononi. Alikuwa muuguzi mstaafu, amechoma watu dawa maisha yake yote, na aliamini hakuna mgonjwa asiyestahili maumivu kidogo. Mchezo huu ni yeye aliyeuanzisha, wodini, kwa wagonjwa wa kulala muda mrefu. Alipostaafu akauhamishia kwenye karakana ya mpwa wake, Sindano, maana huko ndiko kulikokuwa na viti vya kutosha. Yeye ndiye Msimulizi. Anawaambia kuna nini mbele, joka au mto uliofurika, kila mtu anasema atafanya nini, kisha dadu inaamua nani kapona.

Lakini watu hawakuja kwa ajili ya majoka. Majoka yaliuawa haraka haraka ili warudi kwenye adabu. Adabu ndiyo iliyokuwa utamu wenyewe. Muuza nyama, ambaye wiki nzima huitwa "wewe, nikatie hapa, toa mfupa huo," Jumapili aliitwa Sauti ya Ufalme, na hakuna aliyeanza kikao kabla yeye hajagonga sakafu kwa fimbo ya ufagio. Dada wa saluni alikuwa Jemedari wa Mpaka, na hupiti mbele yake bila kusema "kwa ruhusa yako, Jemedari." Na Malkia aliitwa Mtukufu, akisimama wote wanasimama, akikaa wanasubiri awaambie.

Malkia alikuwa Sindano. Jina hilo alilipata kwa ile sindano ndefu iliyopinda ya kufungia springi, aliyokuwa akiitembeza nyuma ya sikio kama wengine wanavyotembeza kalamu. Wengine walisema ni kwa sababu ya ulimi.

Chini ya vyeo vyote kulikuwa na mpita njia. Huyo hasemi mpaka asemeshwe. Hakai mpaka aambiwe kaa. Hampi Malkia mgongo hata anapoondoka. Akisema bila kusemeshwa anatolewa nje ya chaki, na aliyetolewa harudi mpaka Malkia mwenyewe amwite.

Ufalme ule ulikuwa na mpita njia mmoja tu.

Walimwita Miwani, kwa sababu alikuwa na duka la kupima macho na kutengeneza miwani, ingawa macho yake mwenyewe yalikuwa mazima kabisa. Alikuja mlangoni na mvua za kwanza, kofia mkononi, akauliza kama naye anaweza kucheza. Shangazi alikuwa tayari kumrushia kopo la gundi. Sindano hakumtazama. Alimwambia Shangazi, "Mwache aingie. Lakini sheria ni sheria."

Tangu hapo, Jumapili baada ya Jumapili, Miwani alisimama pale karibu na majora ya vitambaa. Alisimama vita vikipiganwa, alisimama amani ikitiwa saini, alisimama wenzake wakinywa soda. Hakuna aliyemwambia kaa, kwa sababu hakuna anayeweza kusema hivyo kabla ya Malkia. Na Malkia alipitisha macho juu yake kama mtu anavyopitisha macho juu ya ukuta. Mwanzoni watu walicheka. Baadaye wakaanza kuona huruma.

"Mtukufu," muuza nyama aliwahi kumnong'oneza, "yule mtu ataota mizizi."

"Mwagilie maji," alijibu Sindano.

Moyo wake ulikuwa bado haujamsamehe. Kila akifumba macho alikuwa bado amesimama kwenye ile sebule.

Ilikuwa siku Miwani alipompeleka kwao kumtambulisha kwa mama yake. Alikuwa ameazima viatu vya Shangazi, amejipaka mafuta mikono ili makovu ya misumari yasionekane. Alikuwa ameisema ile salamu njia nzima kama mtoto anayekwenda kukariri darasani. Akaingia, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama."

Mama yake Miwani alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa cha mikono ya mbao, kimechongwa majani ya mzabibu, mahameli yake nyekundu imechakaa kwenye kona. Alimtazama Sindano usoni, akashuka mpaka mikononi, akabaki hapo. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Huyu ndiye wa kurekebisha mapazia?"

Salamu ikabaki inaning'inia hewani. Kulikuwa na viti vitupu. Kochi la watu watatu lilikuwa na mtu mmoja, dada mtu, anacheza na simu. Hakuna aliyesema karibu, hakuna aliyesema kaa. Na Miwani, Miwani aliyemshika mkono mpaka mlangoni, alikwenda akaketi kando ya dada yake. Akaketi! Akatazama zulia. Wakaongea mambo ya binamu na harusi ya jirani, naye Sindano amesimama katikati na mkoba wake kama mpokea kodi, anahesabu majani ya mzabibu kwenye mkono wa kile kiti ili asilie. Mpaka akaaga mwenyewe, na hata kuaga hakukujibiwa.

Getini Miwani alimwambia, "Mama ndivyo alivyo. Utamzoea."

Maneno hayo ndiyo yaliyomwua. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Halafu Mungu si Athumani. Miezi ikapita, ikaja pikapu karakanani na kiti cha kubadilishwa kitambaa. Dereva alisema ni cha mama mmoja anayetaka fundi bora, kaelekezwa hapa. Sindano alifunua turubai, akakutana na majani ya mzabibu. Aliyajua moja moja. Alikaa chini, akacheka peke yake mpaka Shangazi akatoka nyuma kuuliza kuna nini.

Alikifumua. Ndani alikuta kitufe, pini ya nywele na karanga iliyokauka. Springi zilikuwa zimelegea, akazifunga upya kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo. Akatandika gunia jipya, sufi mpya, akavalisha mahameli ya kijani kibichi, misumari ya shaba imepangwa ukingoni kama meno. Kazi aliimaliza zamani. Lakini kila mama yule alipotuma mtu kuuliza, jibu lilikuwa moja: hakijakwisha. Na kila Jumapili kile kiti kilisogezwa ndani ya chaki, kikawa kiti cha enzi.

Miwani alikitambua siku ya kwanza. Sindano aliona uso wake ulivyobadilika. Alingoja aseme, aende akamwambie mama yake. Hakusema. Hata hapo alinyamaza, na Sindano akamwongezea hilo kwenye makosa yake.

Leo ndiyo ilikuwa siku. Alikuwa amepanga kila kitu. Angemwita mbele, amsemeshe kwa mara ya kwanza, amwone anavyoinua kichwa kwa matumaini, kisha ampe neno moja tu: toka. Mbele ya watu wote. Aende na hilo nyumbani kwao, akalale nalo.

Fimbo ya ufagio ikagonga sakafu.

"Wima!" muuza nyama alinguruma. "Anaingia Malkia wa Miamba Saba, Mlinzi wa Chemchemi, Bibi wa Anga la Chini na la Juu! Mwenye kofia avue, mwenye kikohozi akimeze!"

Sindano akaingia kutoka chumba cha nyuma na taji la waya wa springi kichwani. Akaketi. Akawaacha wasimame kidogo, kwa raha zake, kisha akasema, "Kaeni, wapendwa wangu." Wakakaa. Mmoja akabaki.

Shangazi alitikisa dadu kwenye kikombe. "Vita vya kaskazini vimekwisha. Watu wana madai. Nani anaanza?"

"Mtukufu," alisema dada wa saluni, "naomba Sauti ya Ufalme aonywe. Jana kapita mbele yangu sokoni bila kusema kwa ruhusa yako."

"Mtukufu, nilikuwa nimebeba paja la ng'ombe begani!"

"Hata ng'ombe alipaswa kusema, Mtukufu."

Watu wakavunjika mbavu. Sindano akahukumu kwamba ng'ombe asamehewe, kwa kuwa tayari amepata adhabu yake. Kisha akaweka mikono yake juu ya majani ya mzabibu, na kicheko kikaisha chenyewe.

"Mwiteni mpita njia."

Hata dada wa saluni alikunja miguu yake vizuri. Miwani akatoka kwenye majora, akatembea polepole, akapiga goti mbele ya kiti cha mama yake. Akainua uso.

Macho yale. Siku ya kwanza walipokutana, Sindano alikuwa amekwenda dukani kwake kwa sababu tundu la sindano lilianza kumkimbia. Miwani alimvalisha fremu, vidole vyake vikamgusa masikioni, akasema, "Samahani, mashine yangu inapima macho tu, haipimi mengine." Alikuwa mtu wa kuchekesha, enzi hizo. Sasa mashavu yamemwingia ndani. Alikuwa amenyoa vizuri, kama mtu anayekwenda kunyongwa na anataka maiti yake iwe nadhifu.

Sindano akavuta pumzi. Akaona Shangazi anamtikisia kichwa: haya.

"Mpita njia..." alianza.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa.

"Hapa ndipo kwa fundi makochi?"

Alikuwa mwanamke mrefu, mtu mzima, mkoba mkononi, miwani ya fremu ya dhahabu puani. "Maana nimechoka kutuma watu. Kila siku hakijakwisha, hakijakwisha, mnatengeneza kiti au mnajenga daraja? Pikapu iko nje, leo siondoki bila..."

Alikuwa amekwishatembea mpaka katikati, viatu vyake vimefuta chaki. Akaona watu wamevaa mapazia mabegani. Akamwona mtu mwenye fimbo ya ufagio. Akakiona kiti chake. Akamwona aliyeketi juu yake. Na akamwona aliyepiga goti chini.

"Wewe," alimwambia mwanawe. "Unatafuta nini sakafuni?"

Miwani hakujibu. Sheria ilikuwa sheria.

"Mnacheza baba na mama na mvi zimewajaa kichwani? Haya, na wewe binti, inuka kwenye kiti changu."

Muuza nyama, ambaye adabu ya Jumapili ilikuwa imemwingia kwenye damu, alijikohoza. "Mgeni, mama yangu, samahani. Umevuka chaki. Aliye ndani ya chaki hamwambii Malkia inuka. Unasubiri usemeshwe."

"Nisemeshwe na nani?"

"Na Mtukufu."

"Mtukufu!" Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama Sindano usoni, akashuka mpaka mikononi. Hapo ndipo alipomjua. Ilionekana. Midomo yake ikakazana kama mkoba uliofungwa kamba. "Kumbe ni wewe. Wa mapazia."

"Ni mimi, mama," alisema Sindano taratibu. Alikuwa amengoja siku ya kumtupa mtu mmoja, na Mungu akamletea wawili. Mikono yake ilikuwa baridi na moyo wake ulikuwa mtamu kama sukari. "Wa mapazia, wa makochi, wa viti. Vyote nafanya. Karibu sana."

Alisema karibu. Hakusema kaa.

Mama akasubiri. Alitazama kulia, viti. Alitazama kushoto, makochi. Karakana nzima ilikuwa vitu vya kukalia, vingine vimepandana mpaka darini, na kila mtu alikuwa ameketi. Akahamisha mkoba kutoka mkono huu kwenda ule.

"Mwambie ainuke," alimwambia mwanawe, sauti imeshuka. "Unasikia? Mwambie huyu binti anipishe."

Watu wote wakamgeukia Miwani. Sindano naye alimtazama. Alijua kitakachotokea. Angetazama zulia. Hapa hapakuwa na zulia, kwa hiyo angetazama vumbi la mbao, kisha angemwambia pembeni: mama ndivyo alivyo. Na ikiwa hivyo, basi lile neno lililokuwa kwenye ulimi wake lingetoka kama maji, bila hata kuuma.

Miwani akainuka.

"Mpita njia!" muuza nyama alimtahadharisha kwa huruma. "Hujasemeshwa. Ukifungua mdomo unatolewa. Umesimama Jumapili zote hizi, ndugu yangu, usiharibu."

"Mama," Miwani alisema. Sauti yake ilikwaruza kwa kukosa kazi. "Hainuki."

"Nini?"

"Hainuki. Aliingia nyumbani kwetu akakusalimia, hukumjibu. Alisimama mpaka miguu ikamvimba, viti vipo. Mimi nilikaa, mama. Wewe ulinyamaza, lakini mimi nilikaa. Watu wananiletea macho yao niwasaidie kuona, na mimi nilitazama zulia. Kwa hiyo usimwambie ainuke. Kama ni kuinuka, nilipaswa kuinuka mimi, siku ile."

"Unanisema mimi mbele ya watu? Mimi niliyekuzaa?"

"Nakuheshimu, mama. Najisema mimi."

Shangazi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Wote walijua sheria, na wote walikuwa wakitazama taji la waya.

Neno Sindano alilolitunza, alilolinoa kama mkasi, lilikuwa palepale. Ila sasa alipaswa kulitumia kwa kosa lisilo kosa. Kama angemsamehe mbele ya wote, ufalme ungekuwa mchezo wa watoto. Na kisha, kwa nini amsamehe? Kusema mara moja kunafuta kunyamaza kwa mwaka mzima?

"Mpita njia," alisema. "Umesema bila kusemeshwa."

"Ndiyo, Mtukufu."

"Toka."

Miwani akainama. Akaondoka kinyumenyume, hatua kwa hatua, kama sheria inavyotaka, uso wake kwa Malkia mpaka kisigino kikapita alama ya chaki, mpaka mgongo ukagusa mlango, mpaka akawa nje juani. Katika kurudi nyuma kote huko hakuyaondoa macho yake kwake. Na, Mungu amsamehe Sindano, naye hakuyaondoa ya kwake.

Akabaki mama.

"Basi mmefurahi," mama alisema. "Mmenichezea mtoto, sasa nipeni kiti changu niende."

"Kiti kiko tayari, mama. Utakichukua."

"Inuka, basi."

"Kuna kitu changu kiko kwako. Nikikipata, nainuka."

"Kitu gani? Mimi sijachukua kitu cha mtu!"

"Nilikupa shikamoo. Hukunirudishia."

Dada wa saluni alitoa sauti ndogo kama mtu aliyekanyagwa. Mama akacheka, kicheko kikavu. "Hilo tu? Haya, salimia basi nikuitikie, twende zetu."

"Hapana, mama. Salamu yangu niliitoa mara moja. Sirudii. Itikia ile ile."

Muda ukapita. Feni ya dari ilizungusha joto. Mama alikuwa mtu wa kiburi, na kiburi kinasimama vizuri kwa miguu michanga, lakini ya kwake ilikuwa mikuukuu. Alihamisha uzito mguu wa kushoto. Akauhamisha wa kulia. Akatafuta pa kushika, akakosa. Shangazi, aliyetaka kisasi hiki kuliko mwenye kisasi, alikuwa muuguzi kwanza. Mkono wake ulijiendea wenyewe kwenye kigoda, ukaanza kukisukuma.

"Shangazi, acha," alisema Sindano.

"Mwanangu, magoti yake..."

"Nayaona. Acha."

Shangazi akaacha. Mama akamtazama Sindano, safari hii usoni tu.

"Kweli utaniacha nisimame? Na umri huu?"

"Mimi nilisimama, mama. Sikufa."

Mama alikuwa anatazama viti vyote vile vitupu, kimoja kimoja, kama mtu anayeingia sebuleni kwake mara ya kwanza kwa mlango wa wageni. Kisha akasogea, akanyoosha mkono, akapapasa mkono wa kile kiti, ile mbao, yale majani. Vidole vikashuka kwenye mahameli. Akabonyeza ukingo wa kikalio kwa dole gumba, kikainuka chenyewe, kigumu, kizima.

"Hiki kilikuwa kimebonyea hapa tangu mume wangu yu hai," alisema, kama anaongea peke yake. "Ulijua ni changu?"

"Tangu turubai lilipofunuliwa."

"Na bado ukakifunga vizuri namna hii?"

"Kiti hakijanikosea kitu."

Mama akainamisha kichwa. Machozi hayakumtoka, asiongezewe yasiyokuwepo. Lakini kile kilichokaza midomo yake kililegea.

"Marahaba," alisema.

Ilikuwa ndogo, karibu imezwe na feni. Wema ungetosheka nayo. Sindano hakuwa na wema siku ile, alikuwa na haki yake.

"Sauti ya Ufalme," alisema, "mgeni amesema nini? Walio nyuma hawakusikia."

Muuza nyama, mtu wa kuvunja mifupa kila siku, alikamata fimbo kwa mikono miwili na macho yamemlowa. Akagonga sakafu. "Mgeni amesema... mgeni amesema marahaba."

"Naweza kujisemea mwenyewe," mama akamkatiza, akanyoosha mgongo, na kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, mpaka nje juani, akasema, "Nimesema marahaba, mwanangu."

Sindano alikuwa ameiota siku hii ikiwa na vigelegele. Hakusikia kigelegele chochote ndani yake. Alisikia kitu kama fundo linalofunguka, na lilivyofunguka liliuma kuliko lilivyokuwa limefungwa.

Akainuka.

"Kaa, mama."

Na kwa kuwa Malkia akisimama wote husimama, karakana nzima ikainuka kwa pamoja, muuza nyama, Jemedari wa Mpaka, Shangazi na mgongo wake. Wote wima. Katikati yao, peke yake, kwenye mahameli ya kijani, mama yake Miwani aliketi, akaweka mkoba mapajani, akatazama nyuso zilizosimama kumzunguka, na safari hii ni yeye aliyetafuta zulia la kutazama.

Hakukaa sana. Alipumzisha magoti, akaomba kiti kitolewe. Muuza nyama alikibeba mpaka kwenye chaki, akakitua hapo hapo kwa adabu, maana wa nje haingii na wa ndani hatoki. Miwani akakipokea upande wa pili, akakiinua kichwani, akakipeleka kwenye pikapu. Sindano alimsikia mama akisema, "Panda twende." Hakusikia jibu. Alisikia mlango wa gari, mngurumo, kisha mngurumo ukienda mbali.

Wengine waliondoka mapema siku ile, wakiongea kwa sauti za chini kama watu wanaotoka hospitali. Shangazi alikusanya dadu.

"Nilitaka umkomeshe," alisema. "Sasa sijui nilichokiona."

"Hata mimi."

"Yuko hapo nje bado, unajua."

"Najua."

Shangazi akambusu kwenye taji, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Sindano akavua waya kichwani. Akaokota kipande cha chaki, akainama pale viatu vya mama vilipofuta, akauchora mstari upya, polepole, mpaka ukakutana na wenzake. Alipofika upande wa mlangoni akaona ncha za viatu. Zilikuwa upande wa pili, hazijagusa hata unga wake.

Hakuinua kichwa.

"Umechoka?" aliuliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha bila taji tangu siku ile ya sebuleni. Miwani alijibu kama mtu asiyeamini kwamba ni zamu yake.

"Nimechoka sana."

"Vizuri."

Akainuka, akapangusa mikono. Nyuma yake, ndani ya chaki, mahali pa kiti cha enzi palikuwa patupu, na viti vingine vyote vilikuwa vimeelekea huko, vinangoja. Akavuta kigoda cha kazini, kile cha kukalia anapopiga misumari, akakaa juu yake, mkabala na mlango. Akachukua sindano nyuma ya sikio, akatunga uzi. Tundu lilimkimbia mara moja, mara mbili. Miwani alimwona, mkono wake ukainuka, kisha akakumbuka, akaurudisha ubavuni. Uzi ukapita.

"Naweza kukaa?" aliuliza.

Sindano alimtazama, kuanzia viatu mpaka kwenye yale macho. Akamtazama kwa kirefu, kama anayepima kitambaa asichotaka kukikosea. Kisha akainamia kazi yake, na mlango akauacha wazi.

"Bado."